Gari Yenye Familia Haipekuliwi

Mwanangu Mundhir,

Amani ya Mungu ikutangulie kabla sijakutangulia mimi na maneno yangu, maana leo maneno yangu si matamu. Wewe uko mtaa wa Qurum unaagana na wenzako, Bibi yako amejilaza chumbani kwake baada ya Alasiri, na mimi nimekaa kwenye meza ya kulia, begi lako limesimama mlangoni linanitazama. Nataka niimalize barua hii kabla hujarudi. Nitakupa kesho uwanja wa ndege, uisome ukiwa juu, mahali ambapo huwezi kushuka ukarudi nyumbani kuja kunigombeza.

Sitakuandikia khabari za koti, wala dawa ya kifua, wala ile pilipili aliyokusagia Bibi. Hayo nimeshayasema mpaka umeyachoka, na mimi mwenyewe nimejichoka. Nakuandikia juu ya safari ya mawindo.

Nina uchungu, na nimeuficha vibaya. Ulipofaulu mitihani hukufurahi hivi. Ulipopata nafasi ya chuo huko Marekani ulisema alhamdulillahi ukaendelea kula. Lakini siku baba yako alipopiga simu akakwambia uje mapema kabla ya chuo, mtakwenda kuwinda, yeye na wewe na mkewe Denise na wasichana wao wawili, nyote gari moja, kutwa nzima njiani mpaka mbuga za Wyoming, siku hiyo nyumba haikukalika. Tangu hapo tunaishi na yule swala. Jina lake la Kiingereza silipendi kulitamka, lakini sura yake naijua kuliko sura ya jirani: pembe zenye panda, mashavu meusi, matako meupe kama amekalia unga. Umenionyesha video zake nikipika, nikipiga pasi, hata nikiwa nimesimama kwenye taa za barabarani mtaa wa Ghala na magari ya nyuma yananipigia honi. "Mama, mtazame anavyokimbia!" Nikamtazama. Ukafanya mtihani wa usalama wa bunduki kwenye mtandao, ukafaulu, ukawa unatembea ukumbini umeinama, unamnyatia Bibi. Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Ukaniuliza nina nini, nikakwambia kichwa kinauma.

Hakikuwa kichwa. Ilikuwa ni ile hadithi.

Unaijua. Baba yako amekuhadithia kwa simu tangu ulipojua kushika simu: kwamba mawindo yako ya kwanza ulikuwa bado unanyonya, kwamba alikupeleka jangwani Haima, hukuhuku Oman, na bunduki ilipolia hukustuka, ulicheka. Juzi umewahadithia rafiki zako hapa sebuleni. Nilikuwa nawaletea kaimati, nikasikia mlangoni, nikarudi jikoni na sinia langu. Ile hadithi si uongo mtupu. Ulicheka kweli. Lakini mimi nilikuwepo, na sijawahi kuulizwa na mtu nini nilikiona.

Tulikuwa tunakaa Mawaleh wakati ule, chumba na sebule, karibu na soko la mboga, na kila nguo niliyoanika ilinuka vitunguu. Baba yako alikuwa mtu wa kutoka asubuhi na kurudi umeshalala. Hakuwahi kunipeleka hata Nizwa. Basi Alkhamisi moja akaingia uso unang'aa, akaniambia, "Zuwena, jitayarishe, tunakwenda Haima. Nataka umwone paa. Na mtoto naye apate hewa." Nilifurahi kupita kiasi. Nikapika pilau, nikatia chai kwenye chupa, nikakuvalisha nguo mpya kama tunakwenda harusini. Tukaupita mji wa Adam, na baada ya Adam nchi ikawa tambarare, hakuna kitu cha kuzuia jicho. Baba yako akaimba njia nzima. Akanieleza jinsi babu yake alivyokuwa akiwinda swala Tabora kabla jamaa zao hawajarudi Oman, na jinsi yeye alivyokua na maneno hayo masikioni, kwamba mwanamume wa kwao lazima awe ameangusha mnyama. Nilimsikiliza nikampenda.

Kuwinda paa hapa kwetu ni marufuku, na wakati ule ilikuwa marufuku vilevile. Nilikuwa najua, na yeye alikuwa anajua. Nilichokuwa sikijui ni kwamba bunduki ya ami yake ilikuwa chini ya kigodoro chako. Nilipokuwa nakubadilisha nepi mkono wangu ukagusa chuma. Nikainua macho, nikayakuta yake kwenye kioo cha gari. Akaweka kidole mdomoni, huku anacheka, kama watoto wawili tunaojificha tukicheza kibemasa. Nikakufunga nepi, nikakulaza palepale juu yake.

Alimpiga paa jike, akiwa ndani ya gari. Paa akaanguka, hakufa. Baba yako alikuwa amekumbuka bunduki na risasi, kisu hakukikumbuka, ikabidi achukue kile kisu changu kidogo cha kumenyea machungwa. Alikimbia nacho. Bismillahi yake niliisikia imechelewa. Paa alipiga miguu muda mrefu, kisu hakikati, na wewe ukawa unacheka mapajani pangu kwa sababu mlio ulikuwa umekufurahisha. Hiyo ndiyo hadithi yako, Mundhir. Sitaki kukunyang'anya. Nataka uwe nayo yote.

Kisha akatoa sufuria la pilau ndani ya sanduku la barafu, akaingiza nyama, akalirudisha sufuria juu yake. Akaniambia nihamie nyuma na mtoto. "Tukifika kizuizini, mnyonyeshe."

"Kwani analia?"

"We mnyonyeshe tu."

Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini nimeletwa. Kila mtu hapa anajua kwamba gari yenye familia haipekuliwi. Walinzi wa wanyama wanaosimama kizuizini wamelelewa vizuri, hawafungui mlango wenye mwanamke nyuma yake, sembuse mwanamke anayenyonyesha. Tulipofika, kijana alikuja dirishani, akauliza kwa Kiarabu kama ni familia, neno moja tu, "Aila?" Baba yako akaitika, "Aila." Yule kijana alikuwa ameshageuza uso upande wa jangwa asinione. Akatwambia fi amanillah, akatufungulia. Nilikuwa nimekukumbatia juu ya sanduku la nyama, na maziwa hukuyataka.

Sasa nikwambie kosa langu, maana ukidhani kosa langu ni kunyamaza utakuwa umenionea huruma bure. Tulipokwisha kupita, baba yako alipiga usukani kwa kiganja, akacheka, akasema, "Bila ya wewe tusingepita, Zuwena." Na mimi nilifurahi. Nilisikia nimekuwa mtu. Nyama ile niliipika kwa ndimu na pilipili manga, rafiki zake wakaila wakanisifu nyuma ya pazia, na nikalala usiku ule najiona mke hasa. Nilikuwa na miaka michache kuliko uliyonayo wewe sasa. Nilidhani kutakiwa ndiko kupendwa, na imenichukua umri wangu mzuri wote kujua kwamba si kitu kimoja.

Halafu akapata masomo ya Marekani, wewe ndiyo kwanza unajifunza kusimama. Akasema anakwenda na kurudi. Hukuwahi kuniuliza talaka yangu ilikujaje. Ilikuja kwa simu, kwa adabu, na sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kuchelewa chakula. Mtu mwenye akili angetoka siku ile akawaambia watu. Mimi nikakaa palepale kizuizini nikaendelea kunyonyesha. Kwenye kila harusi Sib na Mawaleh wanawake wakiniuliza, "Baba Mundhir haji?" nawajibu yuko masomoni, mitihani mikali. Watu walikwisha kujua, wananiuliza wapate kunitazama uso, na mimi nawajibu vilevile, bado namfichia nyama yake.

Kwako ndiyo nilifanya vibaya zaidi. Unazikumbuka simu za Idi? Unarudi kutoka kuswali, unakaa dirishani na kanzu yako mpya ya dishdasha hutaki kuikunja, simu iko mapajani, na baba yako anapiga. Hakukosa Idi hata moja. Ulikuwa ukijitapa kwa binamu zako kwamba baba zao wako chumba cha pili na hawawaulizi hali, wako wewe yuko ng'ambo ya dunia na hajakusahau. Nilikuwa nakusikia. Mundhir, kila mkesha wa Idi nilimpigia mimi. "Kesho Idi. Mpigie mwanao." Mara nyingine ananiambia, "Kesho? Wallahi nimesahau, ahsante sana." Siku yako ya kuzaliwa, mimi. Ulipovunjika mkono skuli, mimi. Nilifika hadi kumwambia na la kukuuliza: muulize mpira, muulize yule paka. Baba unayempenda, nusu yake nimempika mimi hapa jikoni, na nilipomaliza kumpika nikakasirika kwamba unampenda. Yeye alikuwa sauti ya Idi, mimi nilikuwa sauti ya kwenda kuoga na kuzima taa.

Kwa hiyo alipopiga simu ya mawindo nilishangaa, kwa sababu safari hii sikumkumbusha. Nilijiuliza kutwa nzima, nikakagua simu yangu, ni kweli, sikumkumbusha. Amekumbuka mwenyewe. Nikaona wivu mpaka nikashindwa kula, na ndani ya wivu nikaona na haya kidogo, kwamba pengine nimemdhania vibaya miaka yote. Nikaanza kukuonea raha. Ulipoanza kumnyatia Bibi tena, siku mbili hizi nilikuwa karibu nicheke.

Ndipo Denise akanipigia. Hukujua. Hatujawahi kusemezana, mimi na yeye, na nilipoisikia sauti yake nilikaa sawa kama nimevamiwa na mgeni. Anasema polepole. Aliniuliza khabari ya nyama. "Nimesikia mna namna yenu ya kuchinja," alisema. "Sitaki mtoto akae mezani kwangu na njaa, wala ale kitu atakachokuja kukijutia." Nikamweleza: alitaje jina la Mungu anapofyatua, kisu kiwe kikali na kiwe karibu, akimkuta mnyama bado yuhai amchinje upesi asimtese. Nilisikia kalamu yake inaandika. Akasema, "Mume wangu hakunieleza haya. Nilimwuliza, akasema haidhuru."

Nikamshukuru, nikawa nataka kukata. Akaendelea, masikini, kwa nia njema. Alisema anashukuru kwamba mambo yamekuwa, kwani tangu wakati wa baridi amekuwa akimwambia mumewe, mpigie mwanao, wasichana wanataka kumjua kaka yao. Kibali chako cha mawindo alikiomba yeye Denise. Alimkumbusha mpaka akaona haya kukumbusha.

Nilikuwa na maziwa jikoni, yakachemka yakamwagika, nikayatazama. Nikamwuliza, "Kumbe ni wewe?"

Akasema, "Unajua alivyo."

Najua alivyo. Nilikuwa nimejitayarisha kumchukia mwanamke huyu maisha yangu yote, na alinikuta nimejiandaa vizuri, lakini baada ya simu ile chuki yenyewe ikawa haina pa kukaa. Wallahi afadhali angekuwa mbaya kwangu mimi peke yangu. Ningejua tatizo lilikuwa mimi, na yeye angekuwa amepata aliyenipita mimi. Sasa nimejua kwamba gari ni ileile, na mwengine amekalia kiti changu.

Nilimwambia Bibi yako. Akanikasirikia mimi.

"Usimwambie mtoto. Mwache ende na furaha yake. Miaka yote hii ushampamba baba'ke, leo ndo watafuta kumvua nguo?"

"Mama, nimechoka."

"Basi choka kimyakimya. Mimi nna mangapi sijakwambia?"

Ndiyo maana umetuona tunakula kila mmoja anatazama upande wake. Huenda Bibi ndiye mwenye haki. Lakini nimekufichia vya kutosha, na sikuficha kwa ajili yako, usije ukaambiwa hivyo na mtu. Nilificha nisionekane nimeachwa.

Nenda, Mundhir. Sikuandiki ili usiende. Mtakuwa ndani ya gari, baba yako kwenye usukani, na nakwambia ukweli, njiani hakuna mtu wa kumfikia. Ataimba, atakuchekesha, atakuonyesha mlima na mto, na utasema moyoni mama yangu ana kinyongo tu. Furahi. Mimi nami nilifurahi baada ya Adam, na furaha ile haikuwa ya uongo. Lakini angalia ni nani anayekumbuka maji. Angalia nani anayejua kwamba wasichana wameanza kuhisi baridi, nani amechukua kisu. Ukiona ni mtu mmoja siku zote, shuka umsaidie, usingoje kuombwa.

Huko mawindo ni halali, mna vibali, hakuna wa kujificha, na hilo limenipunguzia. Ukitaka kupiga, piga. Mkono wako ukikataa, uache ukatae, na akitokea wa kukucheka mwambie mama yako alimwona paa akifa na hajaona uanaume wowote pale. Ukijeruhi, mfuate mnyama wako mpaka umpate, usimwachie mwingine kazi hiyo.

Kwao baba yako, ini la mnyama wa kwanza hukaangiwa mama wa aliyeangusha. Babu yake alifanya hivyo, na yeye mwenyewe lile ini la Haima alimpelekea mama yake kwa siri. Mpe Denise. Sentensi hii nimeiandika nikaikata nikaiandika tena, usione wino umechafuka ukadhani ni machozi. Mpe, na mwambie ni mila, ale yeye kwanza.

Na utakapooa, usimbebe mtoto wa watu ili wewe upite. Sikwambii kwa kuwa nimeona ubaya kwako. Nakwambia kwa kuwa una kicheko cha baba yako, kilekile, na watu hukisamehe kicheko kile kabla hakijaomba radhi. Mimi mwenyewe nimekusamehe mangapi hapa ndani kwa sababu hiyo. Kile kioo cha mlango wa gari yangu ulichokivunja, kwa mfano, bado nakitafakari.

Nilitaka kuishia hapo.

Asubuhi uliniuliza kama baba yako anajua saa utakayofika. Nikakwambia anajua, umempelekea tiketi, amekujibu kwa kile kidole gumba cha kwenye simu. Na nikaapa moyoni kwamba kazi ya kumkumbusha nimestaafu. Akija uwanja wa ndege aje kwa kukumbuka. Asipokuja, una akili zako na una nambari ya Denise, na utakuwa umejua mwenyewe bila ya mimi kukwambia. Nimeandika barua yote hii simu iko pembeni ya karatasi, na nimeigeuza kifudifudi.

Imeadhiniwa Magharibi. Nimeswali, nimerudi mezani, nimeisoma barua tangu juu, nikaona mwanamke aliyeiandika ana maneno mazuri sana.

Kisha nimempigia. Kwao ni asubuhi, aliitika na usingizi. Nikamwambia mtoto anafika kesho. Akasema, "Kesho? Mbona nilidhani Jumamosi?" Denise na wasichana wamekwenda kwa mama yake, hawarudi mpaka Ijumaa, kwa hivyo hapakuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Nikamsikia akitafuta kalamu. Nikamtajia saa, nikamwambia airudie, akairudia, nikamwambia tena avae koti lenye rangi inayoonekana kwa sababu hujamwona ana kwa ana tangu ulipokuwa unatambaa, usije ukampita.

Atakuwepo. Utatoka mlangoni utamwona amesimama anakupungia mkono, na utafurahi mpaka uisahau barua hii, na hivyo ndivyo nilivyotaka, Mungu anisamehe.

Mama yako,
Zuwena